Dirisha Linalosikiliza

Tik. Kimya. Tik, tik. Umeme ulikuwa umekatika tangu jua lizame, nami nilikuwa jikoni nikipapasa kutafuta kiberiti. Nilidhani ni panya juu ya sahani. Kisha nikasikia mtu anasonya, nikajua ni papa, baba yangu. Alikuwa sebuleni gizani, anaandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta yangu kabla betri haijaisha.

Papa yangu, Sadrack, ni mtu wa Yanonge, kando ya mto chini ya Kisangani. Alizaliwa katika nyumba ya wapiga lokole, lile gogo lililochimbwa tumbo ambalo watu wa mto waliitana nalo kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kwenye lokole mtu haitwi kwa jina fupi. Anaitwa kwa maneno marefu: yeye ni nani, baba yake nani, mama yake alitoka kijiji gani, yote kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Papa ana majina ya watu wengi kichwani mwake. Sasa macho yake yameanza kuingia ukungu, na alitaka kuyaandika yote kabla ukungu haujafunga.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwenye dirisha la kushoto la skrini aliandika mapigo: *le* ni sauti ya juu, *ki* ni ya chini. Kwenye dirisha la kuume aliandika maneno yake kwa Kiswahili, ili watoto wa hapa Kisangani wayaelewe.

"Clémence, kuja unisomee," akaniita. "Leo nimeandika mama yako."

Niliketi karibu naye. Mama alitutoka mwaka ule binti yangu Aurélie alipozaliwa, na jina lake la lokole limebaki kwa papa peke yake. Nikasoma upande wa kuume: "Mwanamke wa kasia refu, le ki ki le, binti wa watu wa le le ki..."

Nikarudi mwanzo wa mstari.

"Soma basi."

"Papa, mapigo yameingia ndani ya maneno."

"Tena?"

"Tena."

Akaondoa mkono kwenye vitufe, akauweka juu ya goti. "Bon. Kwa lokole, mutu anajua anapiga wapi. Hapa napiga wa kushoto, analia wa kuume. Nimemukata mama yako vipande vipande. Chukua mashine yako, mutoto yangu, ufanye masomo yako. Miye nimemaliza."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningebishana naye.

Tatizo nililijua. Kompyuta hiyo imezeeka, na Patrice, mwalimu wetu wa masomo ya jioni, aliiwekea mfumo mwepesi ambao madirisha hayapandani. Ukifungua moja, linajaza skrini; ukifungua la pili, yanagawana nafasi yenyewe, kama ndugu wawili kwenye mkeka mmoja. Lakini dirisha moja tu ndilo linasikiliza vidole vyako. Mwenye macho mazima anaona kijistari kinachopepesa, anajua ni lipi. Papa hakioni. Na kingo za madirisha Patrice alikuwa ameziondoa zote, ili skrini yetu ndogo isipoteze nafasi. Kwa papa, kushoto na kuume vilikuwa weupe mmoja tu.

Ila Patrice huyo huyo alitufundisha kwamba kila kitu unachokiona kwenye skrini, kuna mahali kimeandikwa. Nikafungua faili la mipangilio. Nikashuka mstari kwa mstari, Aurélie ameegemea paja langu, mpaka nikaukuta unene wa ukingo. Sifuri. Papa yangu alikuwa anapotea ndani ya sifuri.

Nikaweka mbili. Nikachagua njano kwa dirisha linalosikiliza, nyeusi kwa linalosubiri. Nikahifadhi, nikaiambia mashine isome upya. Hakuna kilichobadilika. Nikaweka kumi na mbili, nikajaribu tena. Hakuna.

"Mama, inakataa?" Aurélie akauliza.

"Ngoja kidogo."

"Acha tu," papa akasema, na sasa alikuwa anacheka. "Unaniachia mutoto kila jioni, eti masomo. Na dirisha inakushinda."

Nikaisoma ile mistari upya, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Ndipo nikaelewa. Ukingo mpya huwekwa pale dirisha linapozaliwa. Haya mawili yalizaliwa chini ya sheria ya zamani. Nikayafunga yote mawili, skrini ikawa nyeusi.

"Umenifutia mama yako?" Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nimehifadhi, papa. Iko salama."

Nikafungua la kushoto. Nikafungua la kuume. Na sijui niseme vipi. Ukingo wa njano ukatokea, mnene, pande zote nne, ukawaka katika chumba kile chenye giza. Nikabonyeza vitufe viwili, njano ikaruka kushoto. Nikabonyeza tena, ikarudi. Miye, Clémence, niliyeacha shule kwa sababu ya mimba, nilikuwa nimeandika namba mahali fulani, na mwanga ukatii.

Papa alisogeza uso karibu, akaurudisha nyuma.

"Hii jaune," akasema polepole, akiinyoshea kidole ile njano. "Nani ameiwasha?"

"Ni namba tu, papa. Yenye jaune ndiyo inasikiliza."

Nikamwonyesha vitufe. Akabonyeza mwenyewe: njano ikaenda. Akabonyeza: ikaja. Alifanya hivyo mara nyingi, bila kuandika chochote, kama mtu aliyeita mtoni usiku na ng'ambo ikamjibu. Kisha akapitisha kidole juu ya ukingo, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Donc watu waliotengeneza hii, walijua macho yangu?"

"Hawakujua, papa. Waliacha nafasi."

Akaitikia kwa kichwa. "Waliacha nafasi," akasema, kwa ile sauti anayoitumia kanisani. Kisha akavuta kiti, akaniomba nimsomee ni wapi mama alikuwa amekatika, akaanza kufuta mapigo, moja moja.

Tulikuwa tumefika kwenye kijiji cha bibi yangu niliposikia mtu anapiga makofi mlangoni. Alikuwa tonton Muhindo, mjomba wa heshima, jirani yetu muuza unga, anayekuja jioni kucheza dame, yaani drafti, na papa.

"Vieux, mzee Sadrack," akaita. "Uko wapi? Unaogopa kupigwa leo?"

Papa hakugeuka. Njano ilikuwa upande wa kuume, na kidole chake kilikuwa hewani kinatafuta herufi. Nikafungua mdomo nijibu, lakini Aurélie alikuwa amenitangulia, amesimama mlangoni, mikono kiunoni, akimsemea babu yake.

"Koko iko anaandika."