Hodi Mdomoni mwa Farhan

Nyumbani kwetu Kaole bawabu ni mwanangu Farhan, ana miaka tisa na ana usonji. Maneno yake ni machache, lakini adabu za mlangoni anazijua kuliko kadhi. Usipopiga hodi, huingii. Ukipiga ukaingia kabla hujaambiwa karibu, unatolewa nje ukaanze upya. Shemeji yangu Mbaruku alishatolewa na sinia la wali mikononi, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Gego la Farhan lilipoanza kuoza, kicheko kiliniisha. Usiku halali, akawa anajipiga ngumi palepale panapouma mpaka shavu likavimba. Nikampeleka kliniki ya meno, Bagamoyo mjini. Mlangoni akasimama.

"Hodi."

"Karibuni. Shikamoo mama," akaitikia Dokta Genoveva, binti mrefu mwenye sauti ya upole. Farhan akaingia, akapanda kitini mwenyewe. Nikajipongeza mapema mno.

Kioo kilipomkaribia mdomoni, akafunga kinywa kwa nguvu zote, akawa anayumba mbele na nyuma. Dokta akambembeleza, akamwekea katuni kwenye simu. Wapi! Alipojaribu kupenyeza kidole, nusura king'atwe.

"Mama, jino bado linazibika," akaniambia. "Ila asipofungua leo, itabidi umpeleke Dar, atibiwe kwa dawa ya usingizi. Na foleni ya huko ni ya miezi."

Miezi! Na mtoto anajipiga! Tena wamlaze usingizi huko ndani, mimi nibaki nje nimeshika tama. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Na wewe Dokta, unajitoma tu kwenye kinywa cha mtu! Hata hodi hupigi?"

Ilikuwa hasira tu. Lakini Farhan aliacha kuyumba, akamkazia macho dokta kama anavyomkazia Mbaruku. Dokta akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Hakucheka, na kwa hilo nikampenda papo hapo. Akarudi nyuma kidogo, akagonga mkono wa kiti.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi hapa."

Kimya.

"Hodi, wenyewe."

Kimya vilevile. Kwetu hodi ya tatu isipoitikiwa, muungwana huenda zake. Dokta naye akaweka kioo mezani, akageuka aondoke. Machozi yakaanza kunilenga.

"Karibu," akasema Farhan. Akaachama.

Basi siku ile kila kitu kilipiga hodi. Kioo kilipiga, pamba ikapiga. Sindano ya ganzi ilipofika, dokta hakumdanganya. "Mgeni huyu anauma kidogo," alimwambia, na Farhan akafikiri sana kabla ya kumkaribisha. Ile mashine ya kelele ndiyo iliyosubirishwa kuliko wageni wote, mimi huku nasoma kila dua ninayoijua, mpaka nayo ikaitikiwa. Jino likasafishwa, likazibwa.

"Yapo mengine mawili yameanza kutoboka," dokta alininong'oneza akivua glovu. "Sijui kama atanikubali siku nyingine."

Hata mimi sikujua. Akamgeukia mwenyeji wake, akamuaga kwa heshima zote.

"Haya, Farhan. Nashukuru. Kwaheri."

Farhan akajifuta udenda kwa kiganja. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, neno likamtoka upande.

"Karibu tena."

Nililia mbele za watu, na wala sikuona haya.