Trili Thelathini na Moja

Elkana Nyamhanga alidanganya mara ya kwanza mwezi wa tatu, kwenye ukurasa wa nne wa trio ya kwanza, na hakuna mtu aliyemlazimisha.

Walikuwa watatu kama kila Jumamosi, sebuleni kwa Mwalimu Roseline huko Rangwe. Mwalimu alikaa karibu na dirisha, maana mwanga wa dirisha ndio kitu pekee alichobaki kukiona. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole kwa miaka sita. Chrispine Nyabuto, mwenye duka la fotokopi pale sokoni, alikuwa mezani na kompyuta yake, fidla yake imelala kwenye kochi. Elkana alishika karatasi na kusoma kwa sauti, noti kwa noti, na Chrispine akachapa.

Karatasi hizo zilikuwa picha za maandishi ya kale. Kabla hajapofuka, Mwalimu aliziomba kutoka maktaba moja ya Ujerumani: trio tatu za fidla, chelo na kinanda, zilizoandikwa kwa mkono miaka mia mbili na hamsini iliyopita na hazijawahi kuchapishwa. Aliyezitunga hakujulikana. Mwalimu alitaka kuzitoa katika toleo la kisasa, noti safi ambazo mtu yeyote angeziweka mbele yake akapiga. Alikuwa amefundisha muziki miaka thelathini na mbili katika shule ya wasichana huko Homa Bay, na alitaka kuacha kitabu kimoja nyuma yake. Hakuwa na mtoto.

Sheria yake ilikuwa fupi. Kilichomo kwenye karatasi ya kale kinachapwa kama kilivyo. Anachoongeza mhariri kinawekwa kwenye mabano, ili mpigaji ajue si cha mtunzi. Asichokuwa na hakika nacho mhariri, hakiingii. Aliirudia mpaka Chrispine akawa anaifanyia mzaha.

"Chai iko na sukari?" Mwalimu angeuliza.

"Iko, Mwalimu, lakini kwenye mabano. Nimeongeza mimi."

Elkana alikuwa na miaka arobaini na saba. Aliacha shule darasa la saba, akaja kukata nyasi katika shule ile ya wasichana, na ndipo Mwalimu alipomkuta amesimama nje ya ukumbi na panga mkononi, akisikiliza. Chelo ya shule haikuwa na mwenyewe. Wasichana walisema ni kubwa kama jeneza. Mwalimu alimfundisha yeye. Kazi ya nyasi ilipoisha alikwenda Osiri, Migori, kwenye dhahabu, na huko yuko bado, mwaka wa kumi na tisa sasa, akija Rangwe Jumamosi tu, siku nyingine akisugua mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akiichoma zebaki kwenye karai mpaka dhahabu ibaki. Moshi wake hauna harufu. Kwa hiyo watu huuinamia kana kwamba ni mvuke wa uji.

Mikono ilianza kutetemeka mwaka juzi. Mwanzoni asubuhi tu, halafu kutwa nzima. Ule wa kulia aliweza kuutuliza kwa uzito wa upinde. Wa kushoto, ambao vidole vyake hubana nyuzi, haukusikia la mtu. Wenzake wa Osiri walipotetemeka waliitana walevi, wakacheka, wakaendelea kuchoma. Elkana hakucheka. Hakumwambia mtu pia.

Kila ukurasa ulipokwisha kuchapwa waliupiga, Chrispine kwenye fidla, Elkana kwenye chelo, Mwalimu mwenyewe kwenye kinanda kwa kukumbuka alichosomewa. Ndiyo maana Elkana, akisoma ukurasa wa nne, aliiona noti ile kabla hajaifikia: fa, ndefu, mapigo manne, chelo peke yake. Nyuzi za chelo zikiachwa wazi hazihitaji kidole, lakini fa haimo kwenye nyuzi wazi. Ingebidi kidole kikae pale mapigo manne bila kutikisika, na Mwalimu angesikia kila kitu.

"Fa," alisoma. "Mapigo manne." Halafu akaongeza, "Trili juu yake."

"Trili?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Imeandikwa."

Trili ni noti mbili jirani zikipokezana haraka haraka. Kidole kimoja hubana, kingine hupigapiga. Ndani ya fujo hiyo mkono unaotetemeka hauonekani. Chrispine alichapa alama. Walipoupiga ukurasa, sauti ya chelo ilitikisika kama inavyotakiwa, na Mwalimu akatabasamu.

"Huyu mtunzi alikuwa na damu ya moto, nyathina," alisema. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na Elkana, ambaye ni Mkuria, aliitwa hivyo na mtu mmoja tu duniani.

Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu. Kila noti ndefu isiyo ya uzi wazi ilipata trili. Chrispine hakuhoji, maandishi ya kale kwake yalikuwa mikwaruzo ya kuku, yeye alichapa alichoambiwa. Mwezi wa tisa trio tatu zilikuwa zimekamilika. Kwenye ukurasa wa kwanza Chrispine alipanga majina: mhariri, Roseline Akeyo; maandishi ya kale yamesomwa na Elkana Nyamhanga. Elkana alibeba nakala ya ukurasa huo mpaka Osiri, akaiweka chini ya godoro.

Barua ya mchapishaji ilifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi. Chrispine aliisoma kwa kompyuta huku akitafsiri. Kitabu wamekipenda. Watakichapisha. Bado swali moja tu kutoka kwa mtaalamu wao: mbona chelo ina trili nyingi hivi kwenye noti ndefu, na fidla haina hata moja? Je, Mwalimu ana uhakika zimo kwenye maandishi?

"Wazungu na mashaka," Chrispine alisema. "Mwalimu, niwaambie nini?"

"Andika." Mwalimu alinyoosha mgongo. "Andika hivi. Mimi sioni. Lakini macho yaliyosoma maandishi haya ni ya mtu niliyemfundisha mwenyewe, na namwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Kila trili iliyochapwa imo. Naweka jina langu juu ya neno hilo."

Vidole vya Chrispine vilikimbia. "Juu ya neno hilo. Nitume?"

Elkana alikuwa ameshika kikombe. Chai ilikuwa ikimwagikia magoti yake na hakuhisi.

"Usitume," alisema.

"Kwani?"

"Hazimo."

Chrispine aligeuka. "Hazimo nini, bwana? Acha utani, mama anafurahi leo."

"Trili. Niliziweka mimi." Alimwangalia Mwalimu, ingawa haikuwa na maana kumwangalia. "Mkono wangu umeharibika, Mwalimu. Zebaki. Siwezi kushika noti."

Nje mtu alikuwa akinadi omena, dagaa wa ziwani.

"Chukua chelo," Mwalimu alisema.

"Mwalimu..."

"Chukua chelo. Piga fa. Mapigo manne, bila trili."

Alichukua, akapiga. Sauti iliyotoka ilitikisika, ikapanda, ikashuka, ikakwaruza kama mlango. Pigo la tatu Chrispine aliinamisha kichwa. Mwalimu hakuinamisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Ungeniambia mkono umekufa, ningelia na wewe. Ningemtafuta mtu mwingine wa kupiga, wewe ukasoma. Kusoma kunahitaji macho tu. Ulitaka nini? Nikusifu?"

"Nilitaka niendelee kuja Jumamosi."

Alisema kweli, na haikumsaidia.

"Umenitolea mtu wa miaka mia mbili na hamsini kaburini," Mwalimu alisema, "ukamtia maneno yako mdomoni. Na mimi nilitaka kuapa kwa ajili yako. Ni ngapi?"

"Thelathini."

"Chrispine, hesabu zilizomo."

Chrispine alisogeza ukurasa baada ya ukurasa kwenye kompyuta, midomo ikichezacheza. "Thelathini na moja, Mwalimu."

"Hata hesabu yako ni ya uongo," Mwalimu alisema.

"Si ya uongo. Moja ni yake." Elkana alizirukia karatasi, zikamponyoka, akaziokota sakafuni. "Trio ya tatu, ukurasa wa pili kutoka mwisho. Hii hapa. Hii ameiandika mwenyewe, Mwalimu. T na r, kifupi cha trili, juu ya noti ya si. Naiona."

"Chrispine. Wewe waona?"

Chrispine alikuja, akainama, akaipeleka karatasi dirishani, akairudisha. Elkana alimwekea kidole pale, lakini kidole hakikutulia. Kilicheza juu ya mistari mitano yote.

"Kuna kitu," Chrispine alisema. "Mimi sijui. Inaweza kuwa herufi. Inaweza kuwa doa."

"Si doa," Elkana alisema. "Naapa kwa mama yangu. Hiyo ndiyo trili pekee aliyoiandika kwenye kitabu kizima. Aliihifadhi mpaka pale, ndiyo uzuri wake. Mwalimu, ukiitoa hiyo umemtoa yeye."

Mwalimu aligeuza uso upande wa sauti yake. Kwa muda Elkana alidhani ataamini. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuamini.

"Asichokuwa na hakika nacho mhariri, hakiingii," alisema. "Futa zote. Futa na jina lake ukurasa wa kwanza."

Chrispine alikaa. Alianza trio ya kwanza, ukurasa wa nne. Kila alama ilipotoka kibodi ililia kidogo, na Mwalimu akawa anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, mikono imelala mapajani. Elkana alisimama na karatasi kifuani. Alingoja, akidhani Mwalimu akifika ishirini na kitu atamwambia Chrispine basi, inatosha.

"Thelathini," Mwalimu alisema.

Chrispine alisita. Alimtazama Elkana, na Elkana akaona kwamba hata yeye hakujua kama hiyo moja iliyobaki ni trili au doa.

"Bwana Nyamhanga," Mwalimu alisema, "hizo karatasi ziache mezani."

Aliziacha. Kibodi ikalia mara moja zaidi.