Wavu Uondolewe Ifikapo Ijumaa

Barua ilifika Jumatatu, na aliyeileta ni Bwana Weintz mwenyewe, mwenye nyumba. Anakaa ghorofa ya chini, mimi nakaa juu kabisa, chini ya paa. Angeweza kuniambia kwa mdomo. Hapana. Aliiandika kwa mashine, akaitia kwenye bahasha, akatoka nje, akaitumbukiza kwenye sanduku langu la barua, akarudi ndani. Nilimwona, maana nilikuwa naegesha gari. Alinipungia mkono.

Barua ilisema kwamba nyavu nyeusi nilizobandika kwenye madirisha yangu manne zinaharibu uso wa nyumba. Kwamba nyumba imepakwa rangi mpya vuli iliyopita. Kwamba gundi ya ule utepe wa kunata inaweza kuchubua fremu. Kwamba ziondolewe ifikapo Ijumaa saa sita mchana, la sivyo atalazimika kuuangalia upya mkataba wangu. Chini akatia saini kwa jina kamili, Eugen Weintz, kama vile nawajua akina Weintz kumi.

Nyavu zile sikuziweka kwa urembo. Nakaa na mama yangu, Elfriede, miaka themanini na moja. Mapafu yake yaliishia kwenye kiwanda cha viatu, miaka thelathini akivuta harufu ya gundi. Dirisha likifungwa, anahema kama mtu aliyepandishwa ngazi mbio. Na chumba cha chini ya paa mwezi wa saba ni tanuri. Kwa hiyo dirisha lazima liwe wazi, na dirisha likiwa wazi mbu wanaingia.

Mbu kando ya Mto Rhine si habari mpya, tumezaliwa nao. Lakini ngozi ya miguu ya mama sasa ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Akiumwa anajikuna, akijikuna panakuwa kidonda, kidonda kikiingia uchafu mguu unavimba mwekundu mpaka gotini. Mwezi wa sita alilazwa siku tisa. Aliporudi, Jadranka, muuguzi anayekuja kila asubuhi kumfunga bandeji, alinisimamisha ngazini.

"Lothar, nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Sema."

"Mguu ule ukivimba tena, daktari hamrudishi hapa. Anampeleka makao ya wazee moja kwa moja. Ameshauliza nafasi."

"Nani alimtuma aulize?"

"Hakutumwa. Ndiyo kazi yake. Kazi yako wewe ni mbu."

Mimi ni fundi wa vigae tangu nina miaka kumi na tano, na kazi nikipewa naifanya. Nilimtundikia mama chandarua. Siku ya pili aliamka kwenda chooni, akajiviringisha ndani yake pamoja na kigari chake cha kujishikizia, nikamkuta sakafuni amefungwa kama samaki. Dawa ya kupaka iliunguza vidonda. Dawa ya moshi ilimkaba. Ndipo nikanunua nyavu, nikazipima, nikazikata, nikazibandika kwa utepe bila kutoboa tundu hata moja, maana mkataba unakataza kutoboa. Wiki mbili mama hakuumwa hata mara moja. Wiki mbili. Kisha ikaja barua.

Na kilichonichemsha hasa ni daftari. Majira ya baridi kulitokea kuvu kwenye kona ya jikoni, na Bwana Weintz akasema ni kosa langu, sifungui madirisha vya kutosha. Akaniletea daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Kila siku mara tatu, madirisha yote wazi kabisa, dakika kumi: saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku. Niandike muda, nitie saini, naye anakuja kukagua kila mwisho wa mwezi. Nikiwa kazini, saini ya mchana anatia mama. Sasa mtu huyohuyo anayenilazimisha kwa maandishi nifungue madirisha, ananikataza kwa maandishi nisiweke wavu.

Jumanne nilishuka. Nilimkuta bustanini kati ya nyanya zake, na kofia yake ya majani, anachota maji kwa kopo la kumwagilia.

"Bwana Weintz, nimepata barua yako."

"Vizuri. Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana. Mama yangu ni mgonjwa."

"Mama yako namheshimu sana, Bwana Dauth. Lakini leo wewe unaweka wavu, kesho Bibi Roos wa ghorofa ya pili anatundika shuka, keshokutwa tunaishi kambini. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikaitazama nyumba. Inaonekana kama mtu aliyezibwa jicho."

"Basi usisimame ng'ambo ya barabara."

Hakucheka. "Funga madirisha," alisema.

"Daftari lako linasema nifungue."

"Unafungua, kisha unafunga. Dakika kumi. Mbu gani anaingia kwa dakika kumi?"

"Njoo ukae na mama hizo dakika kumi, utawajua kwa majina."

"Hao ni mbu wa mtoni. Kuna watu wanalipwa kuwaua, wana mpaka helikopta. Kalalamike kwao." Akachovya tena kopo kwenye pipa. "Maji ya mvua haya. Tangu mwezi wa nne sijafungua bomba kwa ajili ya nyanya. Tone silipotezi."

Anayo mapipa matatu ya bluu chini ya mfereji wa paa, na beseni la zamani la kuogea ambalo alilitoa bafuni kwangu alipoweka jipya. Yote yamejaa, yote wazi. Niliyaona na sikuyaona. Na mimi nilikuwa nasema mbu ni wa mtoni. Kwetu kila mtu anasema hivyo, kuanzia padri mpaka mwokaji mikate.

Aliyeona ni mama. Alhamisi jioni tulikuwa tunakula mkate na soseji ya maini, yeye kwenye kiti chake dirishani. Akaweka kisu chini.

"Lothar, mto mwaka huu umefurika lini?"

"Haujafurika."

"Jadranka anasema maji yamepungua mpaka mawe yako nje. Helikopta umeisikia?"

"Sijaisikia."

"Basi hao mbu mto gani umewaleta?"

Akanyoosha kidole chini. "Miezi miwili nimekaa hapa, sina kazi nyingine. Jioni wanapanda na ukuta. Hawatoki upande wa mto. Wanatoka kule kwenye supu ya Bwana Weintz."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unagombana na barua."

Nilichukua gilasi iliyokuwa ya jamu, nikashuka, nikachota kwenye pipa la kwanza. Nikaiinua kwenye mwanga. Viluwiluwi walijaa wakijipinda, juu chini, juu chini, mpaka maji yalionekana yanachemka. Nikagonga mlango wa Bwana Weintz. Alivaa miwani, akatazama, akatikisa kichwa polepole kama mwalimu.

"Wadudu wa maji, Bwana Dauth. Wapo tu. Ni dalili kwamba maji ni safi."

"Hawa ni mbu. Keshokutwa wana mabawa."

"Na kesho ni Ijumaa," alisema. "Saa sita." Akafunga mlango taratibu. Hata kuubamiza alinikatalia.

Nilipanda ngazi nimeshaamua. Nikamwambia mama nashuka kuyapindua yale mapipa yote, nyanya ziogelee.

"Kaa chini," alisema.

"Mama, huyu mtu anakupeleka makao ya wazee kwa ajili ya nyanya."

"Ndiyo maana nakwambia kaa chini. Ukimwaga maji yake, kosa ni lako, na barua itakayofuata itakuwa ya haki. Yeye anataka nini? Wavu utoke ukutani. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mtolee." Akachukua kisu, akaendelea kupaka soseji. "Hakusema uupeleke wapi."

Ijumaa nilitoka kazini mapema. Saa sita kasoro robo nilibandua nyavu zote nne, gundi nikaifuta kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka fremu zikang'aa. Saa sita kamili nilikuwa bustanini. Wavu mmoja kila pipa, nikakaza kwa kamba kama ngozi ya ngoma. Wa nne, wa chumba cha mama, nikautandaza juu ya beseni na kuubana kwa matofali pande zote. Bwana Weintz alitoka na suruali yake ya kaptura.

"Unafanya nini hapo?"

"Natimiza barua. Tazama juu, hakuna kitu dirishani."

"Haya ni mapipa yangu."

"Sijayagusa maji yako. Hata tone."

Alitazama juu, akatazama mapipa. Alifungua mdomo, akakosa kifungu cha mkataba. Mtu wa aina yake bila kifungu hana la kusema. Akaingia ndani, nadhani kukitafuta.

Siku zilizofuata nilikaa na mama na kipiga nzi mkononi, maana waliokwisha kuruka walikuwa bado wapo na dirisha lilikuwa tupu. Ijumaa jioni niliua kumi na saba. Aliumwa mara mbili, kifundoni. Nilimshika mikono asijikune, mama yangu mzazi, kama mtoto. Alinitukana kwa lugha ya kiwandani. Jumamosi niliua tisa. Asubuhi na jioni niliutazama ule mguu kama ninavyotazama plasta mbichi ya ukuta, kuona kama rangi inabadilika.

Jumapili alasiri akina Weintz walikuwa na wageni: meza bustanini, keki ya cheri, kahawa, wajomba na mashangazi wenye mashati ya pasi. Sisi tulikuwa dirishani juu. Upande wa ndani wa zile nyavu palikuwa pameshageuka kijivu, lakini ukiwa umesimama mbali unadhani ni vumbi. Nyanya zilikuwa zimenyong'onyea, hazijamwagiliwa tangu Ijumaa. Bwana Weintz alisema kitu kwa wageni, wakacheka, akainuka na kopo lake. Akafungua kamba ya pipa la kwanza, akaunyanyua wavu kwa mikono miwili.

Mbu walitoka kama moshi. Walimjaa usoni, kofiani, kwenye miguu ile mitupu, kisha wakaigundua meza. Shangazi mmoja aliinua sahani ya keki juu ya kichwa, sijui akiikinga keki au nywele. Watu walikimbilia ndani, viti viwili vikaanguka. Bwana Weintz alibaki peke yake akijipiga makofi.

Mama alijivuta mpaka kwenye kizingiti. Hana pumzi ya kupiga kelele, lakini bustani ilikuwa imenyamaza.

"Bwana Weintz," alisema. "Hao hawajatoka mtoni. Hao umewafuga."

Bibi Weintz alitokea mlangoni akiwa na taulo, akasema kitu kimoja tu, nacho nilikisikia vizuri: "Eugen, mara ngapi nimekwambia vifuniko."

Mara ngapi. Kumbe Bwana Weintz alikuwa anajua.

Jumatatu Jadranka alifungua bandeji. Aliutazama mguu muda mrefu, mimi nimesimama mlangoni na buti zangu za kazi.

"Alama mbili," alisema. "Zimekauka. Ngozi imetulia."

"Daktari?"

"Daktari nitamwandikia hivyo hivyo. Mama yupo kwake, dirisha liko wazi, mguu uko sawa. Ile nafasi wampe mwingine."

Mama alisema mwingine huyo apelekewe salamu. Mimi nilienda jikoni, nikafungua bomba na kunawa uso, nikakaa huko kidogo.

Jioni mapipa yote matatu yalikuwa na vifuniko vipya, vya kijani. Beseni lilikuwa limepinduliwa. Nyavu zangu zilikuwa zimekunjwa vizuri mbele ya mlango wangu, na juu yake bahasha. Hakuna pole. Hakuna neno hata moja kuhusu mama, wala mapipa. Barua ilisema kwamba, kwa kuzingatia hali ya pekee na bila kuwa na wajibu wowote, mwenye nyumba anaruhusu nyavu kwenye madirisha hadi mwisho wa mwezi wa tisa, kwa sharti kwamba ziwe nyeupe.

Nilimsomea mama.

"Nyeupe," alisema.

"Nyeupe."

"Una nyeupe?"

"Sina. Na sinunui."

Nilizisuuza zile nyeusi kwenye beseni la bafuni kwangu, nikazianika, nikazibandika tena moja moja, nikianza na dirisha la chumba chake. Kisha nikavuka barabara, nikasimama pale anaposimama yeye, nikatazama. Nyumba ilikuwa nyumba. Dirishani juu mama alikuwa anakula plamu na kutema kokwa kwenye kisosi.

Bwana Weintz alikuwa nyuma ya pazia lake chini, nimemwona. Nikampungia mkono. Aandike.