Uso Mwekundu

Ofisa wa chapa na huduma kwa wateja, ambaye tawi zima lilimwita Bi Chapa kisogoni, aliipenda rangi ya benki kuliko mwenye benki. Rangi yenyewe nyekundu, basi naye alivaa nyekundu kuanzia kilemba hadi viatu. Kwa miezi miwili alisimama mlangoni na kipaza sauti, anawahubiria wateja kwamba nyekundu ndiyo sisi, na kwamba mtu akitupenda achague nyekundu. Aligawa kofia, miavuli na kalamu, na watu wakamwelewa vizuri sana.

Ndipo makao makuu yalipoleta vimashine vya maoni, kimoja kila dirisha. Kila kimashine kilikuwa na vitufe vitatu vya sura: cha kijani kinacheka, cha njano kimetulia, chekundu kimenuna. Mteja akishahudumiwa, anabonyeza kimoja na kwenda zake.

Matokeo ya mwezi wa kwanza yalimchanganya kichwa. Dirisha la pili alikaa dada mmoja mpole, ambaye wateja walikuwa radhi kumpangia foleni hata madirisha mengine yakiwa matupu. Huyo ndiye aliyepata nyuso za kununa karibu zote. Dirisha la nne alikaa Bwana Ndita, mtu ambaye ukimsalimia anakutazama kama umemkanyaga, na kwake nyuso zilicheka asubuhi hadi jioni. Lakini Bi Chapa alikuwa amesomea takwimu, na takwimu alikuwa hazibishii. Akampa Bwana Ndita cheti cha mhudumu bora, ambacho bwana yule alikipokea amekunja uso vilevile.

Yule dada akapelekwa semina ya kutabasamu, siku tatu nzima. Aliporudi alitabasamu zaidi, na alama zake zikazidi kuharibika. Bi Chapa akaandika ripoti kwamba mkataba wa dada usiongezwe. Meneja angeisaini Ijumaa saa kumi, na kwa kazi hiyo safi Bi Chapa mwenyewe, aliyekuwa bado kwenye majaribio, angethibitishwa kazini.

Ijumaa saa tisa, mama mmoja fundi cherehani alimaliza shida zake dirisha la pili, akabonyeza uso mwekundu mara tatu kwa nguvu zake zote. Bi Chapa akamfuata, akamuuliza kwa adabu amekosewa nini.

"Nikosewe wapi, mwanangu?" mama akashangaa. "Binti huyu ananihudumia kama mamake mzazi. Si wewe uliyetuambia tukiwapenda tuchague nyekundu?"

"Na kijani je, mama?"

"Kijani si yenu. Hiyo nambonyezea yule aliyenuna kule, ajue simpendi."

Tuseme ukweli, wazo la kwanza lililomjia Bi Chapa halikuwa zuri: angenyamaza, nani angejua? Akamtazama dada wa dirisha la pili, anayemwelekeza mzee mmoja mahali pa kuweka sahihi kwa mara ya nne bila kuchoka, akaona aibu. Akapanda ngazi mbiombio. Meneja alikuwa ameshashika kalamu.

Akamweleza yote, na kwamba kosa ni lake. Meneja alicheka hadi akavua miwani. Alipoivaa tena hakuwa anacheka. Akaichana ripoti, akamwambia barua yake ya kuthibitishwa itasubiri miezi sita mingine.

Bi Chapa akashuka kumwomba dada radhi. Dada alikuwa anafunga dirisha lake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia, mwenzangu?"

"Nilikuandikia, dada. Mara tatu, kwenye barua pepe yako ya maoni."

Bi Chapa akauliza, kwa sauti ndogo, kama alijibiwa. Dada akatoa simu mkobani, akalitafuta jibu, akamsomea bila kinyongo: "Asante kwa maoni yako. Sisi ni benki inayosikiliza."

Majibu yote matatu yalikuwa hayohayo. Bi Chapa aliyajua neno kwa neno, maana aliyatunga yeye, akaiagiza kompyuta iyatume yenyewe ili asisumbuliwe.