Kifuko cha Pamejaa

Mwaka ule gesi ilipopatikana baharini, nyumba ya Awa pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ilifurika. Ndugu walitoka Mute, wakatoka Pundanhar, wakatoka Mocímboa, kila mtu na mkeka wake, wote wakitafuta kazi kambini kwa kampuni ya gesi. Awa, mjane mwenye haya nyingi, aliwapikia wote na kulala penye upenyo.

Kazi yeye alikuwa nayo: kutunza misonobari. Mkubwa wa kambi aliiagiza ng'ambo, miti ya nchi za baridi, akaipanda mchangani ili dirisha lake lifanane na la kwao. Ililetwa pamoja na vifuko vya dawa vya kupigilia kwenye magome.

"Hii haiui, inanuka tu," engenheiro Germano, mhandisi wa kambi, alimweleza. "Mbawakawa wa kule wakishajaa kwenye mti, hutoa harufu ya kuwaambia wenzao: hapa pamejaa, nendeni kwingine. Sisi tunawatangulia kwa harufu hiyo hiyo."

"Na huku wapo, chefe?" Awa akamuuliza bosi wake.

"Hawapo." Germano akakohoa. "Lakini amri ni amri."

Wadudu wanajua kuambiana pamejaa! Awa alirudi na kifuko kimoja ndani ya kanga, akakipigilia juu ya mlango wake.

Kesho yake akaja shemeji yake, Bacar, na wanawe. Akavuta pumzi mlangoni. "Mashallah, nyumba inanukia! Ni nini hiki?"

Awa hakuzoea kusema uongo. Akaeleza.

"Kwa hiyo sisi wadudu?" Bacar akauliza.

Wageni wakakaa kikao. Wakaamua kumsamehe, na kwa kuwa wamemsamehe, hakuna ruhusa ya kuondoka, watu wasije wakadhani wamenuna.

Dauto, mpwa wa Awa, hakungoja kikao kiishe. Alikibandua kifuko, akakivaa shingoni, akaenda kwenye foleni ya kuandikisha kazi.

"Cha kampuni," aliwaambia watu. "Maana yake nafasi zimejaa."

Cha kampuni nani akibishie? Foleni ikayeyuka. Dauto akabaki peke yake mbele ya dirisha, kifua mbele. Karani akachungulia huku na huku.

"Watu wako wapi?"

"Mimi hapa."

"Kwa mtu mmoja hatuandikishi." Dirisha likafungwa. Mchana habari zikaenea kambini kwamba watu wa Palma hawataki kazi.

Dauto alirudi ameinamisha kichwa. "Shangazi, dawa yako kali mno."

Awa alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipoisha, haya nazo zilikuwa zimekwisha. Akavua kanga ya jikoni, akamrushia Bacar.

"Leo sipiki. Mwenye njaa moto upo, mchele upo."

Wakatazamana. Bacar akajifunga kanga ile, akaingia jikoni akinung'unika. Wali ulizidi chumvi, chini umeungua. Awa alikula sahani nzima, akaomba nyingine.