Usimsemee, Bibi

Fundi wa cherehani alikuwa na mdomo mwepesi kuliko sindano yake, na asubuhi hiyo alikuwa ameombwa aufunge.

"Leo usimsemee, bibi," mwalimu wa darasa alimnong'oneza mlangoni pa ofisi. "Hata neno moja. Muache ajisemee."

"Na akinyamaza?"

"Anyamaze. Kuna jambo tumelifanyia mazoezi wiki nzima, mimi na yeye."

Jambo gani, hakusema. Waliitwa ndani pamoja na mtoto.

Mjukuu wake alihamia pale muhula uliopita, shule ambayo kila somo ni kwa Kiingereza, na tangu hapo darasa zima halijasikia sauti yake. Wenzake wakambandika jina: Bubu. Leo Mwalimu Mkuu angemuuliza maswali kwa Kiingereza. Akishindwa, anarudishwa chekechea, akae na vitoto vinavyomfika kiunoni. "Wakinirudisha huko, bibi, siendi tena shule," mtoto alikuwa amesema nyumbani. Na huyo hasemi mengi, lakini akisema, amesema.

Kusema angejifunzia wapi? Dukani alisemewa na bibi. Kwa daktari, bibi. Hata jirani akiuliza, "Hujambo, binti?" bibi alikwishajibu, "Hajambo, ila kifua tu."

Mwalimu Mkuu aliuliza swali la kwanza huku akitafuta kalamu chini ya mafaili. Maneno yalimtoka kama mtama unaomwagika guniani, na fundi hakuambulia hata punje. Mtoto alitazama ncha za viatu vyake.

Swali la pili likaja mbio kuliko la kwanza. Kimya. Nje mtu alikuwa akiburuta dawati kwenye saruji, na mlio ule ulimwingia fundi mpaka kwenye meno.

"Mwalimu, unaona mwenyewe," Mwalimu Mkuu akasema, sasa kwa Kiswahili. "Tusimtese mtoto wa watu." Akaifungua kalamu.

Fundi alikuwa na la kujibu, tena mengi! Kwamba ni aibu tu. Kwamba huyu anasoma kila kilichoandikwa, mpaka mifuko ya unga. Hapo mjukuu akageuka na kumtazama kwa macho yale yale ya dukani: bibi, sema.

Fundi akauma ulimi. Akageuza uso akatazama ukuta, na alijiona kama mtu aliyemwachia mtoto mkono katikati ya barabara.

Ndipo sauti ikatoka. Ndogo, yenye mikwaruzo, maneno machache ya Kiingereza. Kalamu ya Mwalimu Mkuu ikasimama. Akavua miwani.

Mungu wangu, kamtukana?

"Kasema nini?" fundi alimnong'oneza mwalimu wa darasa.

"Kasema, 'Sijaelewa. Naomba urudie polepole.'"

Mwalimu Mkuu alimtazama mtoto kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akarudia, neno baada ya neno. Mtoto akajibu. Jibu lilikuwa fupi, na fundi alimwona mwalimu wa darasa akishusha pumzi. Swali lililofuata lilianza tena kwa mbio, mtoto akainua kiganja: polepole. Mwalimu Mkuu akapunguza mwendo. Hili lilimshinda, akatikisa kichwa. La mwisho alilijibu, akajisahihisha, akalijibu upya.

"Makosa yapo," Mwalimu Mkuu akasema.

"Yapo, mkuu. Ndiyo kwanza anaanza."

"Haya. Abaki darasani kwake mpaka mwisho wa muhula, tuone." Akakohoa. "Na mimi inaelekea nasema haraka."

"Sana, mkuu," mwalimu akajibu, na papo hapo akatamani asingejibu.

Mtoto akasema tena kitu kwa Kiingereza, safari hii hakuna aliyemuuliza. Mwalimu Mkuu akamwashiria mlango.

"Anaomba aende," mwalimu alimfafanulia fundi. "Kipindi cha hesabu kimeanza."

Fundi alitaka kuinuka amfuate. Akakumbuka alivyoombwa, akabaki kitini, akamwacha aende peke yake.