Pakiti za Recheli

Bibi Paskazia hakuwa mtu wa uongo, ila Jumanne ile, kwenye zahanati ya kijiji chao huko Ipole, alikuwa ameshadanganya mara mbili na hata jua halijawa kali. Nesi Agnetha aliuliza kama Recheli, mjukuu wa bibi, anamaliza pakiti zake za karanga za dawa zilizosagwa. Anamaliza, akajibu bibi. Peke yake? Peke yake.

Nesi akamzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono. Wiki ya nne, na bado ulionyesha nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali. Kama wiki ijayo hautabadilika, alisema, Recheli atapelekwa Tabora mjini kulazwa. Wale wajukuu wengine watatu, ambao mama yao alikuwa Nzega akiuza chakula, bibi angewaachia nani?

Isitoshe, nesi aliongeza, maboksi ya pakiti yangepungua. Serikali ya nchi ya nje iliyokuwa ikilichangia shirika la watoto linaloleta pakiti hizo ilikuwa imekata bajeti, kwani wananchi wa huko walinung'unika kwamba kodi zao zinalisha watoto wa watu wakati wa kwao hawashibi.

Siku zote bibi alidhani pakiti zinatoka serikalini, na vitu vya serikali, kwa alivyojua yeye, huwa vipo tu. Kumbe zilikuwa na wenyewe. Akamfikiria bibi mwenzake wa huko, naye ana sufuria ndogo na wajukuu. Aibu ikamshika.

"Nesi, mwanangu, nimekudanganya," alisema. "Kila pakiti naigawa mara nne. Mtoto ale na mwenzake anamtazama? Mkono wangu unakataa."

Nesi hakumkaripia. Alimuuliza tu kama dozi yake ya malaria huwa anawagawia majirani. Bibi alisema hapana, ingawa alikuwa na shemeji yake aliyewahi kufanya hivyo.

Njia nzima ya kurudi, katikati ya mashamba ya tumbaku, alikuwa akiwaza. Alipofika alikaanga karanga zake, akazitwanga, akapika uji. Akatandika mkeka, akaweka bakuli nne. Tatu zilikuwa za uji; ya nne akaikamulia pakiti nzima ya Recheli. Watoto wakanawa pamoja, wakala pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumanne iliyofuata utepe ulisoma njano, kwa taabu, lakini njano. Bibi alitaka kucheka akajikuta analia. Wiki mbili baadaye utepe ulikuwa katikati ya njano, na Recheli alimpokonya nesi utepe akaanza kuutafuna.

Ndipo bibi akaweka ndoo ya karanga juu ya meza. Nesi akauliza ni za nani.

"Za ndugu wa hawa watoto wanaopewa pakiti. Mama zao wawapikie uji, wasikae kutazama." Akajifunga khanga vizuri. "Na wale wa serikali ile waandikie kwamba na mimi nachangia."

Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akafungua taarifa ya mwezi ya kupelekwa kwa shirika, na pale penye nafasi ya maoni akaandika: Paskazia, ndoo moja.